Televisheni ya HD Utemini: Kinachonunuliwa na Kinachoonekana

Mkazi wa Utemini, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, anapokwenda mjini kununua televisheni mpya huwa na maswali mawili, inchi ngapi na bei gani, ilhali swali linaloamua atakachokiona jioni sebuleni ni la tatu, nalo haliulizwi mara nyingi: picha itafika kwenye kioo hicho kwa njia ipi. Televisheni ya HD, yaani ile yenye uwezo wa kuonyesha picha ya ubora wa juu, haitengenezi ubora huo bali huupokea, na kila hatua ambayo picha hupitia kati ya kamera ya mtangazaji na jicho la mtazamaji inaweza kuupunguza, lakini ukishapotea hakuna kifaa cha nyumbani kinachoweza kuurudisha kikamilifu. Ndiyo sababu nyumba mbili zilizopakana, zilizonunua televisheni za aina moja katika duka moja, huweza kutazama mechi ileile zikaona picha mbili tofauti, moja ikionyesha nyasi na jasho la wachezaji, nyingine ikionyesha ukungu wa kijani wenye watu ndani yake.

Picha ya televisheni imeundwa kwa nukta ndogondogo za rangi ambazo wataalamu huziita pikseli, zikiwa zimepangwa kwa safu za ulalo na za wima, na kadiri nukta zinavyokuwa nyingi ndivyo picha inavyoweza kubeba mambo madogo kama vile namba ya jezi au maandishi ya matokeo pembeni mwa kioo. Utangazaji wa zamani uliotumika Tanzania ulikuwa na mistari 625, ambayo kati yake 576 tu ndiyo iliyobeba picha, na picha ya kawaida ya kidijitali iliyorithi mfumo huo ina nukta 720 kwa 576, sawa na nukta laki nne na ushei. Picha ya HD huanzia nukta 1,280 kwa 720, ambazo zinazidi kidogo laki tisa na elfu ishirini, na ile inayoitwa HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Juu yake ipo 4K, yenye 3,840 kwa 2,160, ambayo hesabu yake inapita milioni nane. Wazo lenyewe si geni, kwa kuwa shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza kulifanyia utafiti mwaka 1964, na Marekani ilianza matangazo ya HD ya kidijitali mwaka 1998, lakini muda kati ya maabara na sebule ya Mtanzania wa kawaida ulikuwa mrefu.

Urefu huo ulikuwa na sababu zake za kihistoria. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara, ambako serikali iliiona televisheni kuwa ni anasa isiyolingana na mahitaji ya nchi, ilisubiri hadi Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na televisheni ya taifa, ambayo baadaye iliingizwa katika Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, ikafuata mwaka 2000. Kizazi kizima cha watazamaji wa Bara kilijifunza televisheni kwa TV za chogo, yale makasha mazito yenye mgongo mrefu, na kwa antena iliyofungwa kwenye mti nje ya nyumba, ikigeuzwa na mtu mmoja huku mwingine akipiga kelele kutoka ndani kwamba chenga zimepungua. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine, Singida ikiwemo, ikafuata kwa awamu, ili nchi iwahi ukomo wa Juni 2015 uliowekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu. Tangu hapo televisheni bila king'amuzi imekuwa pambo, isipokuwa kwa wachache wenye seti zilizojengewa kipokezi cha kidijitali ndani.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anaweza kulipima mwenyewe, tena kwa futi kamba ya fundi seremala, ni umbali kati ya kiti na ukuta. Inchi zinazotajwa dukani hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala, kwa hiyo televisheni ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na kimo cha sentimita 40 hivi, ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 na kimo cha 53, na ya inchi 55 inafika sentimita 122 kwa 68. Jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili ikiwa pembe iliyo kati yake haipungui sehemu moja ya sitini ya digrii, na kutokana na kanuni hiyo umbali ambao ubora huanza kupotea hukokotoleka bila shida: kwenye kioo cha inchi 32, mistari 1,080 huacha kutofautishika mtazamaji akiwa nyuma ya mita 1.3, mistari 720 ikiwa ni mita 1.9, na hata ile 576 ya picha ya kawaida huungana machoni akivuka mita 2.4. Maana yake ni kwamba familia inayokaa kwenye makochi yaliyo mita tatu kutoka ukutani, jambo la kawaida katika sebule nyingi za Singida, haiwezi kufaidi HD kwenye inchi 32 kwa hesabu ya mistari peke yake, hata kama boksi limeandikwa herufi hizo kwa dhahabu. Kwenye inchi 43 hali inabadilika, kwa kuwa kasoro ya mistari 576 huonekana hadi mita 3.2, na hapo ndipo macho huanza kushukuru chaneli ya HD. Televisheni ya 4K ya inchi 55, kwa upande mwingine, humtaka mtazamaji akae karibu na mita moja tu ili azione nukta zake zote, umbali ambao mama yeyote mwenye nyumba angemwondoa mtoto. Fedha ya ziada inayolipwa kwa ajili ya 4K kwenye vioo vya ukubwa wa kati ingefaa zaidi ikiongezwa kwenye inchi, au ikibaki mfukoni.

Baada ya kioo linakuja suala la chanzo cha picha, na hapa ndipo penye uzito wa mada nzima. Matangazo humfikia mkazi wa Utemini kwa njia kuu mbili: ama kutoka kwenye mnara wa ardhini, kwa antena ya kawaida, njia iliyoenezwa sana na StarTimes kupitia kampuni ya ubia kati yake na TBC, ama kutoka kwenye setilaiti, kwa dishi, kama wafanyavyo Azam TV na DStv. Mnara mmoja una masafa machache ya kugawana, hivyo mwendeshaji wake huwa na kishawishi cha kubana chaneli nyingi za ubora wa kawaida mahali ambapo zingetosha chache za HD, wakati setilaiti ina nafasi kubwa zaidi. Chaneli ya HD hutambulika kwa herufi hizo kwenye jina au kwenye orodha ya king'amuzi, na mnunuzi makini huhesabu, kabla ya kulipa, ni ngapi kati ya chaneli ambazo familia yake huzitazama kweli ndizo zenye alama hiyo na ziko katika kifurushi ambacho ataweza kukilipia kila mwezi. Kwa wapenda soka hesabu hii ni fupi: mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, kwa hiyo anayetaka kuiona Singida Black Stars kwa ubora wa juu anajua king'amuzi cha kununua kabla hajajua televisheni ya kununua. Mpangilio wa chaneli nao si wa kudumu. Mwaka 2018, kwa mfano, chaneli kadhaa za bure za hapa nchini ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti kwa sababu ya masharti ya leseni, na waliokuwa wamenunua dishi kwa ajili ya taarifa ya habari walijikuta wakitafuta antena upya.

Dishi lenyewe linastahili kuelezwa kidogo, maana watu wengi hulichukulia kama beseni lililotundikwa juu ya bati. Setilaiti za matangazo zimesimama juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, zikizunguka kwa mwendo uleule wa dunia, ndiyo maana huonekana kama zimeganda mahali pamoja. Singida iko karibu na nyuzi 35 mashariki. Setilaiti zinazobeba Azam TV ziko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo mawimbi yake huingia kutoka magharibi, kaskazini kidogo, kwa mwinuko wa nyuzi 57 hivi, ilhali zile za DStv, zilizo nyuzi 36, ziko karibu utosini mwa mji, na dishi lake huwa limelala zaidi, likikusanya vumbi na majani ambayo lililosimama huyamwaga lenyewe. Upepo wa Singida unajulikana, hata wawekezaji wa umeme wa upepo wamewahi kuupima wakiwa na mipango ya kuutumia, na dishi la kawaida likigeuzwa kwa nyuzi mbili tu linaweza kupoteza setilaiti yake kabisa. Fundi aliyefunga dishi kwenye bomba jembamba, au kwenye mbao ya paa inayopinda jua likiwa kali, ameacha kazi nusu. Njia sahihi ni bomba nene lililosimikwa kwenye zege au kufungwa kwa bolti ukutani, kisha kulenga kwa kufuata ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake. Mteja asiridhike na mstari wa kwanza uliojaa, kwa sababu unaosema kweli ni wa pili.

Mvua nayo ina hesabu yake. Mawimbi ya madishi haya madogo yana urefu wa takriban sentimita mbili na nusu, na matone makubwa ya mvua huyameza na kuyatawanya, hivyo dhoruba ya Januari inapofunika mji picha hukatika kwa dakika kadhaa hata kama kila kitu kimefungwa vizuri. Katika analojia mawimbi yakidhoofika picha ilijaa chenga lakini mtangazaji aliendelea kusikika. Katika dijitali picha hubaki safi hadi mwisho, kisha huvunjika vipande na kuganda ghafla. Aliyeacha akiba kubwa kwenye mstari wa ubora huvuka manyunyu mengi ambayo kwa jirani yake huzima mechi.

Ipo sababu nyingine, isiyohusiana na fundi wala hali ya hewa, inayofanya televisheni mpya kumvunja moyo mwenye nayo. Picha ya dijitali hairushwi nzima. Hubanwa kwanza kwa kutupa yale ambayo mtambo unakisia kwamba jicho halitayakosa, na badala ya kutuma kila fremu upya hutumwa mabadiliko tu kati ya fremu moja na nyingine. Msomaji wa habari aliyetulia mezani hubanika kwa urahisi, kwa kuwa nyuma yake hakuna kinachobadilika, lakini kamera inapokimbia na mpira kutoka lango hadi lango, kila unyasi hubadilika kwa wakati mmoja, na chaneli iliyopewa nafasi ndogo hushindwa kutuma mabadiliko yote, kisha hutuma mabaka ya mraba. Kwenye TV ya chogo ya inchi 21 mabaka hayo yalifichika. Kwenye kioo cha inchi 43, chenye eneo linalozidi mara tatu, na ambacho hulazimika kubuni nukta zisizokuwepo ili picha ndogo ijae, mabaka yanaonekana yote, na ndipo husikika lalamiko kwamba ya zamani ilikuwa inaonyesha vizuri zaidi. Kwa chaneli za ubora wa kawaida lalamiko hilo mara nyingi ni la kweli.

Hata chaneli ikiwa ya HD na dishi likiwa limelengwa sawasawa, picha inaweza kuuawa katika mita moja ya mwisho, nyuma ya televisheni. King'amuzi kina matundu ya namna mbili ya kutolea picha. La kwanza ni la waya wenye vichwa vitatu, chekundu, cheupe na cha njano, unaojulikana kama waya wa AV, ambao kichwa chake cha njano hubeba picha kwa mfumo uleule wa analojia wa mistari 576. La pili ni la HDMI, tundu bapa lenye pembe mbili za chini zilizokatwa, ambalo hubeba picha na sauti kidijitali bila kupunguza kitu. Katika nyumba nyingi king'amuzi kilinunuliwa zamani pamoja na TV ya chogo, na siku televisheni mpya ilipofika, aliyeiunganisha alichomoa vichwa vitatu kutoka kwenye ya zamani na kuvichomeka kwenye mpya, rangi kwa rangi, picha ikatokea, kila mtu akashangilia. Kuanzia siku hiyo familia hulipia kifurushi chenye chaneli za HD, kwenye kioo cha HD, na kutazama picha ya mwaka 2000. Tiba ni waya wa HDMI, ambao ni wa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote katika mnyororo huu, kisha kuingia kwenye mipangilio ya king'amuzi na kuhakikisha kuwa picha inayotolewa imewekwa 720 au 1,080, kwa sababu vingine hubaki kwenye 576 hadi viambiwe vinginevyo.

Mipangilio ya televisheni yenyewe huja imewekwa kwa ajili ya duka, si kwa ajili ya nyumba. Chini ya taa kali za dukani televisheni kadhaa hushindania jicho la mteja, hivyo watengenezaji huweka mwanga na rangi kupita kiasi, na mtu akiiacha hivyo nyumbani huona sura za watu zikiwa na wekundu wa nyanya na nyasi zikiwa na kijani kisichopatikana kokote duniani, Singida ya masika ikiwemo. Kubadili kutoka mtindo wa dukani kwenda ule wa kawaida au wa sinema huonekana kwanza kama kupoza picha, lakini baada ya siku mbili tatu jicho hukataa kurudi nyuma. Kosa la pili ni la umbo: kioo cha kisasa kina uwiano wa 16 kwa 9, wakati tamthilia na muziki wa zamani vilirekodiwa kwa uwiano wa 4 kwa 3, na mwenye televisheni, akichukizwa na mistari miwili myeusi pembeni, huvuta picha hadi ijae, kisha huishi na waimbaji wa taarabu walionenepa kwa theluthi moja. Mistari hiyo myeusi si hitilafu na haidhuru kioo. Na anayening'iniza televisheni karibu na dari, kwa hofu ya watoto au kwa fahari, ajue kwamba vioo vingi vya bei ya kati, ambavyo hutumia fuwele za kimiminika zinazomulikwa kwa taa za LED kutoka nyuma, hupauka rangi vikitazamwa kutoka chini. Mahali pazuri ni pale ambapo katikati ya kioo panakaribiana na macho ya aliyekaa.

Dukani kwenyewe mambo ya kuangalia ni machache. Samsung, LG, Sony, Hisense na TCL ziko sokoni pamoja na majina mengi yasiyojulikana nje ya Kariakoo, na bidhaa bandia huvaa majina yote hayo, jambo ambalo Tume ya Ushindani hupambana nalo chini ya sheria za ushindani na alama za bidhaa, huku Shirika la Viwango Tanzania, TBS, likisimamia ubora. Kipimo cha haraka ni kuchomoa maandishi ya boksi kichwani na kusoma kibandiko cha nyuma ya televisheni yenyewe, penye namba ya modeli, volti na wati, kisha kuomba iunganishwe na chaneli ya HD inayotangazwa wakati huo badala ya kuonyeshwa video ya maua na samaki iliyomo kwenye flashi, kwa maana video hiyo ilitengenezwa ili kila kioo kipendeze. Risiti ya EFD na kadi ya waranti yenye muhuri wa duka, ikiwa na namba ya seti iliyoandikwa papo hapo, ndiyo ushahidi pekee atakaokuwa nao mnunuzi mistari ya rangi ikijitokeza mwezi wa tatu. Anayeagiza kutoka Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 700 kwa barabara, aelekeze kwamba boksi lisafiri limesimama, si kulazwa chini ya magunia, kwa sababu kioo chembamba kilicholazwa hubeba mtikisiko wote katikati, na nyufa zake huwa ndani, hazionekani hadi umeme uwashwe. Ni busara kuiwasha mbele ya wakala wa basi.

Umeme unahitaji mazungumzo yake. Mji wa Singida umekaa kwenye njia kuu ya gridi ya taifa, ile ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga, na ndipo pia panapochipuka laini inayokwenda Arusha na kuvuka Namanga hadi Kenya, lakini kituo kikubwa cha kupozea umeme hakizuii waya mdogo wa mtaani kuyumba. Televisheni nyingi za sasa huvumilia umeme hafifu vizuri kuliko friji, kwa kuwa zimetengenezwa kupokea kuanzia volti 100 hadi 240. Kinachoziua ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, pamoja na radi. Gadi, kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na televisheni na ambacho husubiri dakika chache umeme utulie kabla ya kuupitisha, hulinda dhidi ya hatari ya kwanza. Dhidi ya radi hakuna gadi ya kuaminika: mawingu yakianza kunguruma huchomolewa plagi na pia waya wa dishi au antena, kwa sababu radi haichagui tundu, na wengi huchomoa la umeme wakasahau lile linalotoka juu ya paa.

Matumizi yake ya umeme si makubwa kama wengi wanavyohofia. Televisheni ya LED ya inchi 43 hutumia karibu wati 80, kwa hiyo ikiwashwa saa tano kwa siku hufikisha uniti 12 hivi kwa mwezi. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mteja wa kundi linalofuata hulipa 292, hivyo gharama ya mwezi kwenye LUKU huwa kati ya shilingi elfu moja mia tano na elfu nne mia tatu, kodi na tozo zikiwemo. Kifaa cha kuangaliwa ni king'amuzi, ambacho aghalabu kikizimwa kwa rimoti huendelea kula umeme karibu sawa na kikiwa kimewashwa. Kaya zilizo nje ya nguzo zina chaguo la televisheni za sola zinazotumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, ambazo vioo vyake huwa vidogo, na jua la Singida halijawahi kuwa tatizo.

Wembamba wa televisheni mpya umelipiwa kwa sauti. Spika zake ni ndogo, zimetazama chini au nyuma, na ndiyo maana sabufa haijaondoka kwenye sebule za Kitanzania pamoja na maendeleo yote ya vioo. Huunganishwa kwenye tundu la kutolea sauti, au kwa waya mwekundu na mweupe wa king'amuzi, ambao kwa kazi hii ya sauti hauna ubaya wowote.

Televisheni janja, yaani ile inayoingia intaneti na kufungua YouTube au Netflix bila king'amuzi, imeleta chanzo kipya cha picha ya HD ambacho hakitegemei dishi, lakini kina mita yake. Netflix hukadiria kwamba saa moja ya HD hutumia hadi gigabaiti 3 na saa moja ya 4K gigabaiti 7, kwa hiyo filamu moja ya saa mbili inaweza kumaliza kifurushi cha simu ambacho familia ilipanga kukitumia wiki nzima, na anayetazama kwa kugawa intaneti kutoka kwenye simu afungue mipangilio na kuteremsha ubora yeye mwenyewe, kwa kuwa televisheni kubwa ikiachiwa huchagua iliyo juu kabisa. Mahali palipofikiwa na nyaya za mkonga majumbani hesabu ni tofauti. Kwa wengine waliobaki, dishi linabaki kuwa njia nafuu ya kupata saa nyingi za HD kwa mwezi, na televisheni ya kawaida isiyo janja, ikiunganishwa vizuri, haina cha kuionea haya.

Soka litaendelea kuuza vioo hivi, hasa kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda ndizo wenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na waliokuwa wakilipia kiti kwenye kibanda umiza wataanza kupiga hesabu ya kununua cha kwao. Jambo moja watakalokutana nalo nyumbani, ambalo halitengenezeki kwa waya wala mipangilio, ni ucheleweshaji. Safari ya mawimbi kwenda kwenye setilaiti na kurudi huchukua takriban robo ya sekunde, lakini kubanwa kwa picha kwenye gari la matangazo, kuunganishwa na chaneli nyingine na kufunguliwa tena ndani ya king'amuzi huongeza sekunde kadhaa, na ile inayopita kwenye intaneti huchelewa zaidi. Mechi inapochezwa Uwanja wa Liti, ule uliojulikana zamani kama Namfua, anayeishi karibu na uwanja huusikia umati ukilipuka wakati kwenye kioo chake winga bado anajipanga kupiga kona, na jirani mwenye redio ya kawaida, ambayo haibani kitu na haina cha kufungua, hujua goli limefungwa na nani kabla mpira haujaondoka kibenderani.